Mashuka ya Hospitali za Cleveland: uchambuzi wa kisa cha ununuzi na ajira

Ukiondoka katikati ya jiji la Cleveland, Ohio, ukaifuata barabara ya Euclid kuelekea mashariki, baada ya kilomita sita hivi unaingia University Circle. Hapo zimesongamana taasisi ambazo mji wa kawaida ungejivunia kuwa na moja tu: Cleveland Clinic, iliyoanzishwa 1921, University Hospitals, ambayo asili yake ni 1866, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, makumbusho ya sanaa, ukumbi wa okestra. Wagonjwa wa moyo hupanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kutibiwa hapo. Ukivuka mitaa michache kutoka kwenye milango ya hospitali hizo, uko Hough, Glenville au Fairfax, na viwanja vingi vilivyokuwa na nyumba vimebaki nyasi tupu.

Mradi ninaouchambua ulilenga kuzifanya taasisi hizo zinunue na ziajiri kutoka mitaa hiyo ya jirani. Ulipokuwa ukianza, namba mbili zilitajwa mara kwa mara. Ya kwanza: taasisi kubwa za University Circle zilikuwa zikinunua bidhaa na huduma za takriban dola bilioni 3 kwa mwaka. Ya pili: mitaa inayozizunguka ilikuwa na wakazi wapatao 43,000, na kaya ya kipato cha katikati ilikuwa ikiingiza kama dola 18,500 kwa mwaka. Penye miti hapana wajenzi, tunasema. Hapa wajenzi walikuwepo, ila miti ilikuwa ikiuzwa kwa watu wa mbali.

Umaskini huo una historia yake. Mwaka 1950 Cleveland ilikuwa na watu 914,808. Sensa ya 2020 ilikuta 372,624. Viwanda vya chuma na vipuri vya magari vilifungwa au vikahama, familia nyingi za Wazungu zikahamia vitongojini, na mitaa ya Weusi ikabaki imenyimwa mikopo ya nyumba kwa kufuata ramani zilizochorwa miaka ya 1930, zilizoipaka rangi nyekundu kama maeneo ya hatari kukopesha. Julai 1966 Hough iliwaka moto kwa siku kadhaa za ghasia, watu wanne wakafa. Hospitali zilibaki palepale, zikakua, zikanunua ardhi ya kupanuka. Wakazi wa Fairfax wenye umri mkubwa hawajasahau nyumba zilizoondolewa kupisha majengo na maegesho ya Clinic. Mwanzoni mwa karne hii, makadirio ya umri wa kuishi yalionyesha kwamba mtu wa Hough angeishi pungufu ya mtu wa Lyndhurst, kitongoji kisichozidi kilomita kumi na tano kutoka hapo, kwa zaidi ya miaka 20. Na Hough ndiyo iliyo jirani na mabingwa wa moyo.

Hospitali ilidaiwa nini

Nchini Marekani hospitali nyingi ni taasisi zisizogawa faida na hazilipi kodi ya mapato ya serikali kuu, na mara nyingi hata kodi ya majengo. Tangu 1969 mamlaka ya kodi imezitaka zionyeshe kwamba zinainufaisha jamii kwa namna fulani. Sheria ya afya ya 2010 ikaongeza sharti: kila miaka mitatu hospitali ya aina hiyo ichunguze mahitaji ya kiafya ya watu wanaoizunguka, iandike mpango, na iuweke wazi.

Hospitali nyingi hulitimiza sharti hili kwa njia inayojulikana: matibabu ya msamaha kwa wasio na uwezo, siku za upimaji, semina za lishe, michango kwa vikundi vya mtaani. Ripoti zake hujaa picha za watu wakipimwa shinikizo la damu chini ya hema. Sina ugomvi na hema. Lakini mtu anapimwa, anaambiwa presha iko juu, anarudi kwenye nyumba ileile yenye deni lilelile na bila kazi. Ukiweka gharama ya siku hiyo ya upimaji kando ya bajeti ya ununuzi ya hospitali hiyohiyo, hata mhasibu ataona aibu.

Mwaka 2005 Cleveland Foundation, taasisi ya hisani iliyoanzishwa 1914 na ya kwanza ya aina yake duniani, ilizikutanisha hospitali hizo mbili, chuo kikuu na ofisi ya meya katika mpango ulioitwa Greater University Circle Initiative. Kabla ya hapo wakuu wa Clinic na wa University Hospitals walikuwa washindani wa kweli, wakigombania wagonjwa na madaktari. Walipokaa meza moja, ombi kwao halikuwa kutoa hundi kubwa zaidi. Waliombwa wafanye mambo matatu: wanunue karibu, waajiri karibu, na wawasaidie watu wao waishi karibu.

Zabuni zilizokatwa vipande

Wa kwanza kulichukua kwa uzito lile la kununua walikuwa University Hospitals. Walikuwa wanaanza mradi wa ujenzi wa takriban dola bilioni 1.2, walioupa jina Vision 2010, ukiwemo ujenzi wa hospitali mpya ya saratani. Badala ya kuahidi kwa maneno ya jumla, walikubaliana na meya Frank Jackson na vyama vya wafanyakazi wa ujenzi kuhusu malengo yenye namba: asilimia 80 ya kazi iende kwa kampuni za eneo lao, asilimia 15 kwa kampuni zinazomilikiwa na watu wa jamii za wachache, asilimia 5 kwa kampuni za wanawake. Wakaweka mtu wa nje kufuatilia.

Anayejua idara ya manunuzi ya hospitali atajua ugumu ulipo. Hospitali kubwa hupenda mkataba mmoja mkubwa na mtu mmoja wa kumpigia simu. Vifaa vingi hununuliwa kupitia vyama vya ununuzi wa pamoja, ambavyo hukusanya mahitaji ya hospitali nyingi na kubana bei kwa wingi huo. Mkandarasi mdogo wa Glenville hata akiwa fundi hodari hana dhamana ya zabuni, hana bima ya kiwango kinachotakiwa, na hawezi kulipa mafundi wake kwa miezi miwili au mitatu huku akisubiri hundi ya hospitali. Hatupwi nje kwa sababu ya rangi ya ngozi wala kwa sababu ya kazi mbaya. Karatasi zenyewe ndizo zinazomtupa. Ndiyo maana tangazo la "tunawakaribisha wazabuni wadogo" halijawahi kubadilisha kitu popote.

University Hospitals, chini ya usimamizi wa Steven Standley, aliyekuwa ofisa mkuu wa utawala, walizigusa karatasi zenyewe. Kazi kubwa zilikatwa vipande vidogo. Makandarasi wakubwa walitakiwa kuingia na wadogo kama washirika na kuwafundisha kazi za kiwango hicho. Lengo la kununua ndani ya eneo lilifikiwa na kupitwa. La muhimu zaidi kwa maoni yangu ni kwamba utaratibu ulibaki baada ya majengo kukamilika: ununuzi wa kawaida wa hospitali nao ukaanza kuulizwa, "Je, kuna mtu wa hapa anayeweza kutuuzia hiki?" Jengo hujengwa mara moja. Sabuni, chakula, karatasi na mashuka hununuliwa kila wiki.

Dobi ya Glenville

Mashuka ndiyo yaliyozaa sehemu ya kisa inayosimuliwa zaidi. Kitanda cha hospitali hubadilishwa mashuka kila siku, wakati mwingine mara kadhaa, na juu yake kuna mataulo, gauni za wagonjwa, nguo za chumba cha upasuaji. Kila kilo inapimwa kwenye mizani kwa sababu dobi hulipwa kwa uzito. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kupiga hesabu: hapa kuna kazi isiyokwisha, inayojifunzwa kwa wiki chache, na isiyohitaji shahada.

Mwaka 2008, baada ya ujumbe wa Cleveland kutembelea Mondragon, kundi la vyama vya ushirika vya wafanyakazi katika nchi ya Wabaski huko Hispania lililoanza 1956, ulizaliwa mpango wa Evergreen Cooperatives. Oktoba 2009 ikafunguliwa Evergreen Cooperative Laundry huko Glenville, yenye uwezo wa kufua pauni milioni 10 za nguo kwa mwaka, yaani kama kilo milioni 4.5. Mfanyakazi aliyemaliza kipindi cha majaribio na kukubaliwa na wenzake aliingia kuwa mwanachama kwa hisa ya dola 3,000, ambayo hakudaiwa mkononi: ilikatwa senti 50 kwa kila saa ya kazi. Faida ikipatikana, sehemu inaingia kwenye akaunti yake ndani ya ushirika. Wengi wa walioajiriwa walikuwa watu ambao waajiri wengine walikuwa wakiwafungia mlango, wakiwemo waliotoka gerezani.

Kazi ya dobi ya hospitali ina sehemu mbili ambazo hewa yake haitakiwi kuchanganyika. Upande mchafu watu huvaa glavu na gauni, hupanga nguo kwa aina, na hukagua kwa macho kwa sababu sindano na mikasi husahaulika ndani ya mashuka. Mashine ina milango miwili: chafu huingia upande huu, safi hutokea upande ule. Halafu kwenye pasi kubwa ya roli, mtu husimama akashika pembe mbili za shuka, akalinyoosha na kuliachia lipande kwenye mkanda kabla mkunjo haujaingia. Anarudia hivyo shuka baada ya shuka, joto likimpiga usoni. Si ajira ya kupambwa kwa maneno matamu. Tofauti ni kwamba anayeshika pembe hizo anajua bei ya kufua kila pauni ya nguo kwenye mkataba, maana ni mkataba wake.

Shida ilikuwa hiyohiyo mikataba. Mipango ya mwanzo ilizungumzia kampuni kumi na ajira 500 ndani ya miaka mitano, na mwanachama kujiwekea makumi ya elfu ya dola ndani ya muda usiofika miaka kumi. Mitambo ilinunuliwa, jengo likakarabatiwa, fedha zikapatikana kwa mchanganyiko wa misaada, mikopo ya serikali na nafuu za kodi kwa wawekezaji wa maeneo maskini. Kilichokosekana ni saini ya mteja mkubwa. Dobi iliishi kwa sehemu kubwa kwa kufulia nyumba za kutunzia wazee, huku mzigo wa Cleveland Clinic, mteja mkubwa kuliko wote wa mtaa huo, ukiendelea kufuliwa na wengine. Wakuu wa hospitali walikuwa wamehudhuria uzinduzi na kupiga picha. Idara ya manunuzi ilikuwa na mikataba ya miaka mingi isiyojali picha.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kama ushindi wa ushirika, na wengine kama ushahidi kwamba ushirika haufanyi kazi. Nadhani wote wanaangalia pembeni. Dobi iliyomilikiwa na tajiri mmoja ingekwama vilevile kwa kukosa mzigo. Mtambo wa kufua mamilioni ya pauni una gharama zisizopungua hata ukifua nusu, na bei ya kushindana na makampuni makubwa inapatikana mashine zikijaa tu. Ahadi ni deni, lakini benki na msambazaji wa sabuni hawalipwi kwa deni la aina hiyo.

Mabadiliko yalikuja 2018, karibu miaka tisa baada ya ufunguzi. Cleveland Clinic iliikabidhi Evergreen uendeshaji wa kiwanda chake cha dobi kilichoko Collinwood, pamoja na mzigo wake wa nguo. Wafanyakazi wapatao 100 wakahamia mikononi mwa Evergreen, mishahara ikapandishwa, na njia ya kuwa mwanachama ikafunguliwa kwao. Kwa saini moja, ushirika uliotumia miaka mingi kuongeza watu wachache wachache ulikua takriban maradufu. Hospitali haikutoa msaada wowote hapo: ingelipa mtu kufua mashuka yale kwa vyovyote. John McMicken, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Evergreen wakati huo, na timu yake walikuwa wamejenga uzoefu wa kutosha hadi kuaminiwa na mzigo huo, na huo ndio utetezi mzuri zaidi wa ile miaka ya kusubiri. Hata hivyo miaka tisa ni mingi kwa kijana wa Glenville aliyeambiwa 2009 kwamba kampuni kumi zinakuja.

Ndugu wengine wa dobi niwataje kwa haraka. Kampuni ya nishati ilifunga paneli za jua juu ya mapaa ya taasisi zilezile na kuziba nyufa za nyumba wakati wa baridi. Banda la kioo la kilimo, lenye ukubwa wa ekari 3.25, lilipanda saladi kwenye maji na kuhangaika na bei kwa miaka. Kulikuwa pia na mpango wa nyumba uliopata sifa kidogo kuliko unavyostahili: mwanachama alisaidiwa kununua nyumba iliyokarabatiwa katika mtaa wake, malipo yakikatwa kwenye mshahara, na akiwa mvumilivu anaimiliki ndani ya takriban miaka mitano. Katika mji wenye nyumba za bei ya chini kama Cleveland, hilo linawezekana. Penye nyumba ghali, mpango kama huo usingemfikisha mtu mbali.

Kuanzia kwenye nafasi iliyo wazi

Upande wa kuajiri ulikwenda kimya zaidi, na nauona ndio wenye mafunzo mengi kwa hospitali ya kawaida isiyo na dola bilioni za kujengea.

Programu nyingi za mafunzo ya kazi hutoa cheti kwanza, kisha humwacha mhitimu akatafute. Anamaliza kozi ya wiki nane akiwa na karatasi, anakuta hospitali haina nafasi ya aina hiyo, au inataka uzoefu wa mwaka. Katika mpango wa Step Up to UH, ulioanza 2013, mstari ulichorwa kutoka upande wa pili. University Hospitals walisema nafasi gani zitakuwa wazi na lini: wahudumu wa usafi, wa jikoni, na baadaye wasaidizi wa wauguzi. Neighborhood Connections, kikundi kinachowajua wakazi kwa majina, kilitafuta watu wa mitaa inayozunguka hospitali. Towards Employment, shirika la mafunzo, likawachuja na kuwaandaa. Aliyemaliza alifika mbele ya mwajiri kwa usaili wa nafasi iliyopo kweli.

Maandalizi yenyewe yalikuwa mafupi na ya vitendo: namna ya kujibu maswali ya usaili, namna ya kupokea amri ya msimamizi aliyekasirika, nani atamchukua mtoto zamu ikianza kabla shule haijafunguliwa, basi gani la kwanza asubuhi. Mtu akiajiriwa hakuachwa. Alikuwa na mshauri wa kumpigia simu miezi ya mwanzo. Ni miezi hiyo ndipo watu wengi wa kazi za chini huondoka, mara nyingi kwa jambo dogo kama gari bovu au mtoto mgonjwa siku mbili mfululizo, linalogeuka barua ya onyo kwa sababu hakujua amwambie nani. Waliopitia mpango huu walidumu kazini kuliko walioajiriwa kwa njia ya kawaida. Kwa hospitali hilo ni fedha, maana kila mhudumu anayeondoka anatangaziwa nafasi upya, anafanyiwa uchunguzi upya, anafundishwa upya. Tukizungumzia basi: njia ya mabasi ya mwendo kasi iliyozinduliwa kwenye barabara ya Euclid mwaka 2008 inaitwa HealthLine, na hospitali hizi mbili ndizo zilizolipia jina hilo.

Kisha kuna ngazi. Anayeingia kusafisha sakafu akibaki kusafisha sakafu kwa miaka kumi, hospitali imempa mshahara tu. University Hospitals waliongeza njia za ndani: masomo ya kumrudisha mfanyakazi kwenye hesabu na kusoma kabla hajakabiliana na chuo, na njia ya kutoka jikoni au usafi kwenda kuwa msaidizi wa wauguzi. Tofauti kubwa ni saa za masomo. Hospitali inayorudisha ada ya chuo baada ya mtu kufaulu inawasaidia wenye akiba. Mhudumu wa usafi hana ada ya kutanguliza. Somo likifanyika mahali pa kazi, likapangwa kufuatana na zamu, na msimamizi wake akakubali kumwachia saa hizo, anafika. Msimamizi akikataa, sera nzuri ya makao makuu inabaki kwenye kabrasha. Hapo ndipo ningeangalia kwanza katika hospitali yoyote inayojisifu kwa kuendeleza watumishi wake: si bajeti ya mafunzo, bali ratiba ya zamu ya mtu wa jikoni.

Hesabu isiyofichika

Mtu akiuliza kama Hough na Glenville zimebadilika, jibu la haki ni kwamba mitaa hiyo bado ni maskini. Ajira za Evergreen ni mamia, katika mji uliopoteza kazi za viwandani kwa makumi ya maelfu. Mshahara wa dobi, hata ukipandishwa, ni mshahara wa dobi. Na hospitali hazijaulizwa kwa ukali swali la kodi ya majengo, ambayo ndiyo inayolipia shule za umma za watoto wa mitaa hiyohiyo. Mwenye kusimamia shule anaweza kusema kwa haki kwamba angependa kodi kuliko mpango.

Waliotoka nje kuja kujifunza walichukua walichokitaka. Baraza la mji wa Preston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, lilivutiwa na Cleveland kuanzia 2011, lakini halikuanza kwa kujenga dobi. Tangu 2013 lilikaa na taasisi kubwa za eneo lake, zikiwemo halmashauri, polisi na vyuo, wakapitia ankara zao moja moja na kuuliza nini kinaweza kununuliwa karibu. Matumizi ya taasisi hizo ndani ya Preston yalipanda kutoka asilimia 5 mwaka 2012/13 hadi 18 mwaka 2016/17. Vyama vya ushirika vya Preston vilifuata baada ya hapo, na bado ni vichache.